Mdomo wangu ulimponza mdogo wangu

Aliniambia Desemba ile tulipopanda wote Kibosho kwa Krismasi. Tulikuwa nyuma ya jiko tunamenya ndizi za mtori, mikono imeganda utomvu. Alikuwa mwaka wa pili chuoni Arusha. Hakutumia hata moja ya yale majina ya mtaani. Alisema tu, "Dada, mimi mambo ya wasichana sina. Nawapenda wanaume." Akachukua ndizi nyingine.

Sikumtukana, na kwa hilo nilijiona mtu wa maana sana. Siku ya tatu nikamweleza mama mdogo, eti naomba ushauri, nikamsihi asimwambie mtu. Hakumwambia mtu. Alipeleka nia ya maombi kwenye jumuiya, bila jina, kwa ajili ya "kijana wetu aliyeko chuo." Ukoo mzima ulikuwa na kijana mmoja tu aliyeko chuo. Mwaka Mpya ulipofika, baba mkubwa aliyekuwa analipa ada alikuwa hapokei tena simu zake.

Kwa hiyo wewe uliyeaminiwa na rafiki, mdogo wako au mwanafunzi wako, anza na maswali mawili: nani mwingine anajua, na unataka nifanye nini? Mimi sikuuliza lolote kati ya hayo. Baadaye aliniambia kwamba siku ile alichotaka ni mtu mmoja ajue, basi.

Sheria ijue ilivyo, usiichukue kwa stori za kijiweni. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinataja, kwa kujamiiana "kinyume cha maumbile", kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha. Si jambo la kufanyia mzaha kwenye magrupu. Lakini kinachoadhibiwa pale ni kitendo. Kumsikiliza mtu, kumpa nauli au kumsindikiza hospitali hakumo kwenye kifungu hicho. Na kwa kuwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha hapo hapo, wapo vijana wanaodhani mambo yakiharibika wataenda kugonga geti. Mwaka 2019 Tanzania ilijitoa kwenye utaratibu wa mtu binafsi kufungua shauri pale moja kwa moja. Afadhali kumfahamu mapema wakili au msaidizi wa kisheria mmoja, kabla ya kumhitaji.

Simu, jamani. Mdogo wangu alipasua kioo, akaiacha kwa fundi na namba ya siri imeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa nyuma kwa selotepu. Jioni yule fundi akampigia, akamtajia picha mbili na bei. Tulilipa. Wiki mbili baadaye akataka tena. Mara hiyo hatukulipa, tukabadilisha laini, na tulipoteza usingizi mwezi mzima. Siku hizi simu ikiharibika anakaa pale pale kwenye benchi hadi ifungwe, na mazungumzo anafuta kila usiku. Akitokea mtu wa mtandaoni anayetaka kukutana, ni mchana, mahali penye watu, na mimi najua ni wapi. Wengine ni mtego tu wa kutafuta hela.

Kuhusu afya, kliniki za CTC, yaani za huduma na matibabu ya VVU, zimezoea maswali kuliko unavyodhani. Tangu 2019 sheria inamruhusu mwenye miaka 15 kupima VVU bila ridhaa ya mzazi, na majibu ni siri yake. Ikitokea hatari ya kuambukizwa, dawa za kuzuia maambukizi huanzwa ndani ya saa 72, hivyo usisubiri Jumatatu. Mwenye chini ya miaka 18 anayepigwa au kufukuzwa nyumbani anaweza kupiga 116, simu ya msaada kwa watoto, bure. Ataje kipigo, sababu ya kipigo halazimiki kuitaja.

Nilipoanza kutafuta cha kusoma kwa Kiswahili nilipata matusi na mahubiri, kwa mpangilio huo. Kilichonituliza ni kitu kidogo: Shirika la Afya Duniani liliondoa kupenda mtu wa jinsia yako kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990. Nilikuwa nimeshaulizia bei ya "matibabu" kwa mtu mmoja mjini Moshi.

Kingine ni habari ya Jeanne Manford, mwalimu wa shule ya msingi kule New York. Mwanawe, aliyependa wanaume, alipigwa, na mama huyo mwaka 1972 akaandamana pamoja naye akiwa na bango la kuwaita wazazi wawatetee watoto wao. Mwaka uliofuata waliitisha mkutano kanisani, wakaja watu kama 20. Hapa kwetu bango halibebeki, na sitamshauri mtu alibebe. Ila nilijiuliza kama ukoo wetu unaweza kutoa watu wawili. Mpaka leo tumepatikana mimi na binamu mmoja wa Rombo, na huyo binamu ndiye aliyemalizia ile ada.

Kibosho mdogo wangu hajapanda tena. Desemba iliyopita nilimtumia nauli, akauliza kama mama mdogo atakuwepo. Nikasema atakuwepo. Akasema basi atashuka Boma Ng'ombe, nimfuate hapo. Nilibeba mtori kwenye chupa ya chai, tukaunywa kwenye benchi la stendi, tukigawana kifuniko, mpaka gari la kurudi Arusha lilipojaa.