Maswali ya logi: x ikiwa juu, tuishusheje?

Mwalimu, shikamoo. Nimepewa 3ˣ = 20. 3² ni 9 na 3³ ni 27, kwa hiyo x iko kati ya 2 na 3. Nitaipataje yenyewe? (Kidato cha tano, Morogoro)

Marahaba. Umeanza kwa kukadiria, na tabia hiyo usiiache. Sasa chukua ln pande zote mbili, yaani logi asilia, ile yenye kizio e (takriban 2.718): ln 3ˣ = ln 20. Kanuni ya logi inaruhusu kipeo kishuke kije mbele: x ln 3 = ln 20. Kilichobaki ni kugawanya tu: 2.9957 ÷ 1.0986 = 2.727. Iko palepale uliposema.

Wengi hupoteza alama kwenye hatua hiyo ya mwisho. ln 20 ÷ ln 3 si sawa na ln (20 ÷ 3). Hiyo ya pili ni 1.897, na ukiipachika kuwa kipeo cha 3 unapata 8 na ushee, mbali kabisa na 20. Tafuta logi mbili kwanza, ndipo ugawanye.

5 × 2ˣ = 60. Nimeandika 10ˣ = 60, jibu linakataa.

Kipeo ni cha 2 peke yake, 5 haimo. Gawanya kwa 5 upate 2ˣ = 12, kisha x = ln 12 ÷ ln 2 = 3.585.

e²ˣ − 5eˣ − 6 = 0. Nichukue ln ya kila kipande?

Hapana, mwanangu. Logi haitawanyiki juu ya kujumlisha na kutoa, na ln 0 ya upande wa kulia haipo. Tazama vizuri: e²ˣ ni (eˣ)². Weka u badala ya eˣ: u² − 5u − 6 = 0, yaani (u − 6)(u + 1) = 0. Kwa u = 6, x = ln 6 = 1.792. u = −1 haifai, kwa sababu eˣ ni chanya daima. Iandike sababu hiyo kwenye karatasi ya mtihani. Usiikate −1 kimyakimya.

Lazima iwe ln? Mwenzangu anatumia logi ya kizio 10.

Si lazima, mtapata jibu lilelile. Ila e ikiwemo kwenye mlinganyo, ln hupunguza kazi, maana ln e ni 1.

Haya yanatumika wapi nje ya darasa?

Kwenye kupima umri wa mabaki ya kale, kwa mfano. Kaboni-14 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Mfupa ukibakiwa na asilimia 30 ya kaboni hiyo, 0.5ⁿ = 0.3, ambapo n ni idadi ya nusu zilizopita. n = ln 0.3 ÷ ln 0.5 = 1.737, zidisha kwa 5,730, unapata takriban miaka 9,950. Logi zote mbili hapo ni hasi, na hasi kwa hasi ni chanya. Ukipata umri hasi, rudi nyuma ukatafute alama ya kutoa uliyoisahau.