Hapsikodi hupigwa, haichezwi

Msomaji anayetafsiri wasifu wa mwanamuziki ametuandikia kuhusu hapsikodi, ala ya Ulaya yenye nyuzi na vibonye kama piano: "Niliandika 'mchezaji mtaalamu wa hapsikodi anayejihusisha na muziki wa mapema'. Mhariri akafuta 'mchezaji' na kuweka 'mpigaji'. Naona amekosea, kwa sababu nyuzi za hapsikodi hazigongwi kama za piano, bali hudonolewa. Nani yuko sahihi?"

Mhariri wako yuko sahihi, ingawa uliyosema kuhusu ala yenyewe ni kweli. Ndani ya piano, kinyundo hugonga uzi. Ukibonyeza kibonye cha hapsikodi, kijiti chembamba cha mbao huinuka, na ncha ya unyoya wa ndege iliyochomekwa ubavuni mwake (siku hizi mara nyingi ni plastiki) huudonoa uzi na kuuachia. Kwa hiyo hata ukikandamiza kibonye kwa nguvu, sauti haiongezeki sana. Mpigaji huonyesha hisia kwa kuchelewesha noti kidogo, kuishikilia, au kuikata kabla ya inayofuata. Mpiga piano anayehamia ala hii hulazimika kuvifunza vidole vyake upya.

Lakini kitenzi "kupiga" hakijali uzi unaguswa vipi. Udi hudonolewa, nasi tunapiga udi. Fidla husuguliwa kwa upinde, nasi tunapiga fidla. Zumari hupulizwa, na bado hupigwa. Katika ala za taarabu, iliyo jirani kabisa na hapsikodi ni ganuni, kwani nayo hudonolewa kwa ncha zinazofungwa vidoleni, na wapigaji wake huitwa hivyo hivyo, wapiga ganuni. Kupiga hapa ni kuitoa sauti, kama katika kupiga mbinja au kupiga kelele, ambako hakuna kinachogongwa.

"Kucheza" kuna kazi nyingine. Anayepiga ngoma ndiye anayeitoa sauti, na anayeicheza ni yule anayeifuata kwa mwili. Tofauti hii ni hazina, na inanihuzunisha kuona "kucheza gitaa" na "kucheza piano" zikienea kwa kuwa tu Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa mpira na kwa muziki. Tukisema mpiga hapsikodi Scott Ross alicheza sonata 555 za mtunzi Domenico Scarlatti, tumempeleka uwanjani. Alizipiga zote, akazirekodi. Wafaransa nao wana kitenzi chao: kitabu cha mtunzi Mfaransa François Couperin cha mwaka 1716, L'art de toucher le clavecin, kinazungumzia sanaa ya "kuigusa" hapsikodi. Kila lugha ina uchaguzi wake, na wetu ulikwishafanyika.

Mhariri ameacha kosa kubwa zaidi, "muziki wa mapema". Mapema hupimwa kwa saa inayotarajiwa: mgeni amefika mapema, mvua zimeanza mapema. Muziki unaokusudiwa, ule ambao Kiingereza huuita early music, ni "muziki wa kale". "Wa zamani" hautoshi, maana hata zilipendwa ni za zamani. Kwa kawaida jina hili hushika muziki wa Ulaya hadi karibu mwaka 1750, aliofariki mtunzi Johann Sebastian Bach. Tena halitaji umri wa nyimbo tu, linataja pia namna ya kuzipiga. Mpiga hapsikodi Wanda Landowska, aliyezaliwa Warsaw mwaka 1879, ndiye aliyeirudisha hapsikodi majukwaani kwa kishindo, lakini alipiga ala ya kisasa ya kiwanda cha Pleyel yenye fremu ya chuma. Mpiga hapsikodi Gustav Leonhardt, aliyekuja baadaye, alichagua ala za kale zenyewe au zilizoundwa kwa kufuata mifano yake. Wanaojiita wapigaji wa muziki wa kale leo wanafuata zaidi njia ya Leonhardt. Kwa hiyo usiogope kuongeza sentensi moja ya maelezo neno linapotokea mara ya kwanza.

Kuhusu "mtaalamu", mimi ningeliepuka. Linamleta akilini mtu wa vitabu na mihadhara, na huyu kazi yake ni kupiga. Sema "aliyebobea katika".

Wasifu wako pia usiishie kwenye jina la kazi. Mpiga hapsikodi mara nyingi hurekebisha nyuzi zake mwenyewe, tena pengine kwa kipimo cha hezi 415 (mitetemo kwa sekunde) kwa noti ya A, badala ya 440 za leo. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kuwasindikiza waimbaji na wapiga fidla: anapewa mstari wa besi, yaani wa sauti za chini, wenye tarakimu juu au chini yake, na sauti za kuujazia anazitunga papo hapo. Vitenzi "kurekebisha", "kusindikiza" na "kujazia" vitamweleza vizuri kuliko kurudia "kupiga" kila aya.

Sentensi yako basi iwe: "mpiga hapsikodi aliyebobea katika muziki wa kale wa Ulaya". Ukipenda "mpigaji", weka kiunganishi, "mpigaji wa hapsikodi". Nayo hapsikodi iache katika ngeli ya gitaa na piano: hapsikodi yake imeharibika, hapsikodi zao zimeharibika.