Jibu: Kusoma sayansi ya mbwa ukiwa nyumbani

Mkuu, umeuliza kama mtu anaweza kusoma sayansi ya mbwa kwa masafa bila kuacha kazi. Inawezekana kabisa. Anza na kozi ya Profesa Brian Hare wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, iliyowekwa Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni. Inahusu akili na hisia za mbwa. Jaribio lake maarufu utalifanya hapo hapo sebuleni: pindua vikombe viwili, ficha kipande cha nyama chini ya kimoja, kisha nyoosha kidole kuelekea kikombe hicho. Mbwa wengi hufuata kidole, jambo linalowasumbua hata sokwe. (Sugulia nyama vikombe vyote viwili, la sivyo pua ndiyo itakayojibu mtihani.) Ila cheti cha kozi hiyo hakikufanyi daktari wa mifugo, huko lazima uingie darasani, ushike mnyama.