Maswali ya Wasomaji: Jina la Mabuyu Yangu Linataka Kuchukuliwa

SWALI: Mhariri, tangu mwaka 2016 natengeneza mabuyu na achari ya embe nyumbani kwangu Kibokoni, nikiwapelekea wenye maduka wa Marikiti na wachuuzi wa kivuko cha Likoni. Pakiti zangu zimeandikwa "Mabuyu Matamu ya Mombasa", jina nililolisajili kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na cheti chake ninacho. Mwaka huu kijana aliyekuwa akinisambazia mzigo ameanza kuuza mabuyu yake mwenyewe kwa jina lilo hilo na pakiti za rangi ile ile, na anajigamba kwamba atalisajili kabla yangu ili mimi ndiye niitwe mwizi. Je, cheti changu hakinilindi? – Bi M., Kibokoni

JIBU: Bi M., pole kwa yaliyokufika. Cheti ulicho nacho hakikulindi kwa kiasi unachodhani, kwa sababu kimetolewa chini ya sheria ya usajili wa majina ya biashara, ambayo kazi yake ni kuonyesha ni nani anayefanya biashara kwa jina fulani, wala haimpi mtu umiliki wa jina hilo sokoni. Umiliki wa namna hiyo hutokana na usajili wa alama ya biashara, yaani jina au mchoro unaotambulisha bidhaa zako, ambao uko chini ya Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, na husimamiwa na KIPI, taasisi ya serikali yenye makao yake Nairobi. Wafanyabiashara wengi wa mji huu huchanganya mambo haya mawili, na kosa lenyewe halionekani mpaka siku ya ugomvi.

Hata hivyo, majigambo ya kijana huyo yasikukoseshe usingizi. Kifungu cha 10 cha sheria hiyo humzuia mwenye alama iliyosajiliwa asimwingilie mtu aliyekuwa akiitumia mfululizo tangu kabla yake. Isitoshe, ombi likikubaliwa hutangazwa kwanza, na kwa muda wa siku 60 tangu tangazo hilo yeyote anaweza kuweka pingamizi mbele ya Msajili wa alama za biashara. Hata asiyesajili kitu anaweza kumshtaki mtu anayeuza bidhaa zake kwa namna ya kuwafanya wanunuzi waamini kuwa ni za huyo mlalamikaji. Lakini haki zote hizi husimama juu ya ushahidi, kwa hiyo anza leo kukusanya risiti za mchapishaji wa pakiti, daftari la madeni ya wenye maduka, jumbe za malipo ya M-Pesa, na picha za zamani zenye tarehe. Aliyesajili huonyesha hati yake. Asiyesajili hulazimika kuithibitishia mahakama kwamba wanunuzi wanalijua jina hilo kuwa lake, na safari hiyo ni ndefu na ina gharama.

Sasa niseme jambo ambalo hukuuliza, nalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi: jina lenyewe ni dhaifu. "Mabuyu" ni bidhaa, "matamu" ni sifa yake, na "Mombasa" ni mahali, na sheria haipendi kumkabidhi mtu mmoja maneno ambayo kila muuza mabuyu wa kisiwa hiki anayahitaji. Huenda Msajili akaukubali mchoro wa pakiti yako kwa sharti kwamba hudai haki ya peke yako juu ya maneno yaliyomo. Kijana naye atagonga ukuta uo huo, na hiyo ni faraja kidogo. Ushauri wangu ni uongeze juu ya pakiti jina lisiloieleza bidhaa, kwa mfano "Shungi", kisha usajili hilo, huku maneno ya zamani yakibaki chini yake kwa maandishi madogo ili wateja wasipotee. Katika mchoro, jahazi na zile sanamu za pembe za ndovu za Barabara ya Moi ungeziepuka. Kila mtu anazichora.

Kabla ya kuomba, itake KIPI ifanye upekuzi wa daftari lake la alama ili ujue kama kuna alama inayofanana na yako. Ombi huwekwa katika makundi ya bidhaa na huduma, ambayo yako 45 kwa jumla: mabuyu ya sukari huingia kundi la 30 na achari kundi la 29, kwa hiyo wewe unahitaji yote mawili. Usajili hudumu miaka 10, ukihesabiwa tangu siku ya kuwasilisha ombi, na unaweza kuhuishwa kila baada ya miaka 10 mingine. Herufi R ndani ya duara usiichape kabla ya kupata hati, maana kuitangaza alama kuwa imesajiliwa ilhali haijasajiliwa ni kosa la jinai. Ukishaipata, mtu akighushi pakiti zako utaweza pia kulalamika kwa mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia, ambayo ina ofisi hapa Mombasa.

SWALI: Nashona mashati ya vikoi Mombasa na alama yangu imesajiliwa Kenya. Wateja wangu wengi wako Unguja. Je, usajili huu unafika huko? – Fundi, Majengo

JIBU: Haufiki. Alama hulindwa katika nchi iliposajiliwa, na upande wa Tanzania hata usajili wa Bara hauvuki bahari: BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, husajili kwa ajili ya Bara, na Zanzibar ina sheria na msajili wake. Omba Zanzibar moja kwa moja, na ombi lihusu jina lako la kibiashara, si neno "kikoi". Kampuni moja iliwahi kuomba Uingereza isajiliwe neno "Kikoy". Wafanyabiashara wa huku walipiga kelele, pingamizi likawekwa, na ombi halikufaulu. Neno ambalo kila fundi wa pwani hulitumia kuitaja nguo yake haliwezi kuwa lako wala langu.