Plagi za injini ndogo ya ndege: soma za zamani kabla hujaagiza mpya

Injini ya ndege yenye silinda nne hubeba plagi nane, mbili kwa kila silinda, na kati ya hizo mbili kila moja hupata moto kutoka magneto yake (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche). Zikichakaa, wengi hung'oa moja, husoma namba iliyoandikwa ubavuni, kisha huagiza nane za namba hiyohiyo. Lakini namba hiyo inakwambia tu alichofunga fundi aliyepita. Huenda alikosea, au alibadilisha aina makusudi ili kuficha ugonjwa wa injini.

Anza na nyaraka za mtengenezaji wa injini. Kwa injini za Lycoming, waraka wa huduma namba 1042 ndio unaoorodhesha plagi zilizoidhinishwa kwa kila modeli. Hakikisha unasoma toleo la mwisho. Kwa Continental, tafuta kwenye kitabu cha matengenezo cha modeli husika. Soma jina la injini lote, pamoja na herufi za mwishoni. "O-320" peke yake haitoshi, kwa sababu familia hiyo ina matoleo mengi na herufi za nyuma zinabeba tofauti halisi za kichwa cha silinda na mgandamizo. Mara nyingi orodha itakupa plagi zaidi ya moja inayofaa, na hapo ndipo kazi ya kuchagua inapoanzia.

Kusoma namba

Chukua REM40E, plagi ya Champion inayoonekana kwenye injini nyingi ndogo. R ni kipinga cha umeme kilichomo ndani. E inayofuata inaeleza mdomo wa juu unapofungwa waya: nyuzi za 5/8-24, yaani kipenyo cha inchi 5/8 na nyuzi 24 kwa kila inchi. M ni nyuzi za upande wa injini: kipenyo cha milimita 18, urefu wa nusu inchi. 40 ni kiwango cha joto. E ya mwisho ni elektrodi (ncha za chuma ambazo cheche huruka kati yake) nene za kawaida. Pangekuwa na S, ingekuwa plagi ya waya mwembamba wa madini ghali kama iridiamu. Sasa linganisha na RHB32E, inayotumika kwenye injini kubwa zaidi kama Continental IO-520 na IO-550. H ni mdomo wa 3/4-20, na B ni nyuzi za milimita 18 zenye urefu wa inchi 13/16. Tempest, mtengenezaji mwingine, hutumia mpangilio uleule na kuweka U mbele, kwa hiyo UREM40E ni ndugu wa REM40E.

Mdomo wa juu ukikosea hutapata madhara makubwa, maana waya hautafunga kabisa na utagundua palepale. Urefu wa nyuzi ndio mtego, kwa kuwa kipenyo ni kilekile na M itaingia bila kelele kwenye tundu la B. Plagi fupi katika tundu refu huiacha cheche imejificha ndani ya shimo, na nyuzi tupu za kichwa hujaa masizi magumu. Siku ukirudisha plagi sahihi, masizi hayo yatakwamisha au kuharibu nyuzi. Plagi ndefu katika tundu fupi ni mbaya zaidi. Nyuzi zinazochungulia ndani ya chumba cha mwako hupata moto hadi kuwaka zenyewe, na ncha inaweza kugongwa na pistoni.

Moto na baridi

Kiwango cha joto hakihusu ukali wa cheche. Kinahusu kasi ambayo plagi inatoa joto kutoka pua ya kauri kwenda kwenye ganda lake na kichwa cha silinda. Pua ndefu ina njia ndefu ya kupitisha joto, kwa hiyo inabaki ya moto. Pua fupi hupoa haraka. Kwa Champion na Tempest, namba kubwa ni plagi ya moto zaidi. Ndiyo maana injini tulivu yenye mgandamizo mdogo hupewa 40, na injini yenye nguvu nyingi hupewa 32.

Hapa kuna shimo ambalo watu huangukia. NGK, watengenezaji wengine wa plagi, wanahesabu kinyume: kwao namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi. Ukitoka kwenye Lycoming ukaja kwenye Rotax 912, sahau ulichozoea. Rotax 912 ya nguvu za farasi 80 ilikuja na plagi ya NGK DCPR7E na ile ya nguvu za farasi 100 na DCPR8E, na ya pili ndiyo ya baridi zaidi, kama inavyotarajiwa kwa injini yenye mgandamizo mkubwa zaidi.

Plagi ikiwa baridi kuliko inavyotakiwa, pua haipati joto la kuchoma uchafu, na risasi (madini yaliyomo kwenye petroli ya ndege) na masizi hujengeka hadi cheche inapotea. Ikiwa ya moto kupita kiasi, pua yenyewe hugeuka kaa la moto na kuwasha mchanganyiko wa hewa na mafuta kabla ya cheche kufika. Silinda inayowaka mapema namna hiyo inaweza kutoboa pistoni ndani ya dakika chache. Uchafu utakupa usumbufu na onyo. Kuwaka mapema hakuna subira. Ukiwa na shaka kati ya viwango viwili vilivyoidhinishwa, na huna tatizo la uchafu, chukua cha baridi zaidi.

Zilaze kwenye kibao

Kabla ya kuagiza, toa zote na uzipange kwenye kibao chenye matundu yaliyoandikwa 1 juu, 1 chini, 2 juu, na kuendelea. Zikichanganyika, umepoteza ripoti ya bure ya afya ya injini.

Pua yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu, yenye vumbi jembamba kavu, ni nzuri. Masizi meusi makavu yanayofutika kwa kidole yanaonyesha mafuta mengi mno kwenye mchanganyiko, au injini iliyozubaa kwenye mwendo mdogo kwa muda mrefu. Vijiwe vya kijivu vilivyong'ang'ania kati ya pua na ganda ni risasi. Petroli ya ndege ya 100LL inaruhusiwa kuwa na hadi gramu 0.56 za risasi kwa lita, na ingawa ina kemikali ya kuibeba risasi hiyo itoke na moshi, kemikali hiyo haifanyi kazi vizuri pua ikiwa na baridi. Injini ndogo zilizoundwa kwa petroli yenye risasi kidogo huteseka zaidi.

Weusi uliolowa oili ni habari nyingine. Kwenye plagi za chini, oili kidogo baada ya ndege kukaa si jambo la kutisha, hutiririka tu. Oili kwenye plagi ya juu, au silinda moja iliyolowa huku nyingine kavu, ni ringi za pistoni au bushi za valvu. Hapa ndipo wengine hununua plagi ya moto zaidi, na kweli uchafu unapungua kwa muda. Mimi siikubali dawa hiyo hata mara moja. Silinda iliyochoka inabaki imechoka, na sasa umeiongezea chanzo cha kuwaka mapema.

Pua nyeupe kama chokaa, iliyong'aa au kupasuka, inataka ukague silinda nzima: uvujaji wa hewa kwenye bomba la kuingizia mchanganyiko, magneto iliyosogea muda wake, au mafuta haba. Plagi mpya isiingie humo hadi chanzo kijulikane.

Elektrodi nene, waya mwembamba, au pua iliyochomoza

Elektrodi nene ni za bei nafuu na hufa taratibu. Nyingi hustaafu kati ya saa 300 na 500. Zitupe ikiwa elektrodi ya kati imeliwa hadi kufikia nusu ya unene wake, au imekuwa ya umbo la yai na geji ya kupimia ikapita pasipotakiwa. Za waya mwembamba zinagharimu mara kadhaa zaidi, lakini zikitunzwa zinaweza kukaribia saa 2000, zinaanza vizuri zaidi kwenye baridi, na nafasi iliyo wazi kuzunguka ncha hairuhusu risasi kujikusanya kirahisi. Kwa ndege ya shule inayoruka kila siku hesabu inakubali. Kwa ndege inayoruka saa 40 kwa mwaka, elektrodi nene zinatosha, isipokuwa uchafu wa risasi unakusumbua kila wiki.

Plagi ya REM37BY ina pua inayochomoza ndani zaidi ya chumba cha mwako. Moto unaiosha na kuchoma risasi, na mchanganyiko mpya unaoingia unaipoza isizidi. Kwenye O-235-L2C ya Cessna 152, injini inayojulikana kwa kujaza plagi zake risasi, imeleta nafuu ya kweli. Usiifunge kwenye injini ambayo orodha yake haiitaji, kwa sababu nafasi ya ndani si ileile kila mahali.

Hata plagi bora itachafuka ukiendesha vibaya. Punguza mafuta kwenye mchanganyiko ukiwa ardhini, na usiiache injini ikinguruma taratibu kwa dakika nyingi. Lycoming hushauri, kabla ya kuzima, kupandisha hadi mizunguko 1800 kwa dakika na kukaa hapo sekunde 15 hadi 20, kushuka 1200, kisha kuzima kwa kukata mafuta.

Kupima kipinga

Plagi inaweza kuonekana safi kabisa na bado ni mgonjwa. Kipinga cha ndani kipo kulinda elektrodi zisiliwe haraka na kupunguza kelele za redio, lakini baadhi hupanda ukinzani kadiri umri unavyokwenda. Weka ncha moja ya mita kwenye kituo kilicho chini kabisa ya mdomo wa waya na nyingine kwenye elektrodi ya kati. Ukisoma zaidi ya ohmu 5,000, itupe. Pima hata mpya zinapotoka kwenye boksi. Ni kazi ya dakika tano kwa plagi nane. Injini inayokoroma magneto ikikaguliwa, huku plagi zote zikionekana nzuri kwa macho, mara nyingi imebeba mbili au tatu za namna hii.

Kuhusu boksi: dai cheti cha kuachiwa kwa kipuri, kama fomu 8130-3 ya Marekani au Fomu 1 ya Ulaya. Bei ya chini isiyoeleweka ni dalili ya kutosha ya kuondoka. Plagi ya gari nayo haina nafasi kwenye injini yenye cheti inayotaka plagi yenye kinga ya redio, hata kama rafiki anayo ndege ya majaribio inayoruka nazo.

Kufunga

Mwanya (nafasi ambayo cheche huruka) wa elektrodi nene ni inchi 0.016 hadi 0.019, isipokuwa kitabu cha injini kinasema vingine. Kaza mwanya kwa kifaa chake, ukisogeza elektrodi ya pembeni kidogo kidogo kuelekea ya kati, na usiache waya wa kupimia katikati wakati unasukuma. Utabana elektrodi ya kati na kupasua kauri. Ukizidisha, usijaribu kuupanua. Tupa. Plagi iliyoanguka sakafuni nayo ni ya kutupa, hata kama huoni ufa, kwa kuwa ufa wa ndani ya kauri hauonekani kwa macho.

Tumia washa (pete bapa ya kuziba) mpya ya shaba, moja tu kwa kila plagi. Zikikaa mbili, plagi inatoka nje kidogo na joto halitoki sawasawa. Penye kihisi cha joto cha umbo la pete chini ya plagi, pete hiyo ndiyo inachukua nafasi ya washa. Paka mafuta ya grafiti kiduchu kuanzia uzi wa pili kutoka ncha. Yakigusa elektrodi yanapitisha umeme na plagi inakufa kabla ya kuruka. Rotax wao hutaka dawa ya kupitisha joto badala ya grafiti.

Ingiza kwa mkono hadi ikae chini kabisa. Ikigoma, toa na usafishe nyuzi, usiite spana isaidie. Kisha tumia soketi ndefu ya inchi 7/8 na spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza: Lycoming futi-pauni 35, karibu Nm 47, Continental futi-pauni 25 hadi 30, yaani Nm 34 hadi 41. Injini iwe baridi. Futa ncha ya waya kwa kitambaa safi chenye spiriti na usiiguse tena kwa vidole. Jasho la mkono linatosha kuipitishia cheche njia ya mkato. Nati ya waya ya 5/8 hukazwa inchi-pauni 90 hadi 95, ya 3/4 inchi-pauni 110 hadi 120. Shika waya usizunguke pamoja na nati.

Kila saa 100 zitoe, zisafishe, zipime, kisha uzibadilishe nafasi. Magneto hupeleka cheche chanya na hasi kwa zamu, hivyo upande mmoja unakula elektrodi ya kati na mwingine ya pembeni. Kwenye silinda nne peleka ya 1 juu kwenda 4 chini, ya 2 juu kwenda 3 chini, na kinyume chake. Kwa silinda sita, 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4, kwa mtindo huohuo wa juu kwenda chini. Plagi ya chini ikipata zamu ya juu hujisafisha yenyewe kwa kiasi fulani.

Mwisho washa injini na ukague magneto kwa mizunguko ambayo kitabu cha ndege kinaitaja. Ukiwa na kipimo cha joto la moshi kwa kila silinda, angalia kila kimoja unapobaki na magneto moja: silinda zote zinatakiwa kupanda. Ile inayoshuka ina plagi isiyowasha upande wa magneto uliyoiacha ikifanya kazi, na unajua tayari ni tundu gani la kufungua.