Vinasaba sawa, lakini "wahanga" wa nini?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tuko Nyakato, Mwanza. Tunaandaa kipeperushi kuhusu sheria za kuwalinda watu wasibaguliwe kwa kile walichorithi. Tumeandika "ubaguzi wa vinasaba dhidi ya wahanga wa ualbino na selimundu" (ule ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu). Mwenzetu anashikilia kwamba "vinasaba" si sahihi, tuandike "jeni". Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Bakini na vinasaba. Neno limetokana na nasaba, yaani ukoo, lenye asili ya Kiarabu, na wananchi wanalijua tangu kwenye kesi za watoto zinazopelekwa kwa Mkemia Mkuu. Siku hizi hata alama inayotiwa kwenye petroli ili itambulike inaitwa vinasaba, na hilo nimechoka kuligombania. Jeni, yaani kipande kimoja cha vinasaba, itajeni pale mnapozungumzia sifa moja mahususi.

Lakini mmeuliza kuhusu neno lisilo na kosa, lenye kosa mkalipita. Wahanga! Mhanga ni sadaka, ni kafara. Ndiyo maana tunasema kujitoa mhanga. Vyombo vya habari vikaligeuza kuwa jina la kila aliyepatwa na janga. Mtu akisema "wahanga wa MV Bukoba" nanyamaza, maana waliozama mwaka 1996 walipatwa na janga kweli. "Wahanga wa ualbino" sitanyamaza, tena hapa Kanda ya Ziwa, ambako watu wameuawa na wengine kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri! Kumwita mtu huyo kwa neno la kafara ni kumtaja kwa lugha ya waliomwinda. Msiniambie hamkukusudia.

Kwenye selimundu neno hilo linaharibu hata hoja yenu. Anayerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu haumwi. Ugonjwa huja pale wazazi wote wawili wanapomrithisha. Tena jeni hiyo moja humpunguzia hatari ya malaria kali, ndiyo maana imeenea sana huku kwetu. Huyo ni mhanga wa nini? Chukueni kijana wa Igombe anayeomba kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Mzima, ana nguvu, ila cheti chake cha kipimo kinaonyesha ana jeni hiyo moja. Mwajiri aliyesoma kipeperushi chenu atamwona mgonjwa, na sababu ya kumkataa mtakuwa mmempa ninyi. Marekani yalitokea: miaka ya 1970 watu kama yeye walinyimwa kazi na bima wakiwa wazima kabisa. Sheria ya huko ya mwaka 2008 inawakataza waajiri na bima za afya kumbagua mtu kwa taarifa za vinasaba vyake, hata kama haumwi chochote, ingawa bima ya maisha imeachwa nje. Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu na Virusi vya Ukimwi. Vinasaba haivitaji kwa jina. Kijana wa Igombe hana ulemavu, wala haumwi. Mkimwita mhanga mnazidi kumtia gizani.

Andikeni "watu wenye ualbino", "wenye selimundu", "wenye jeni moja ya selimundu". Hiyo -enye ndiyo iliyotumika katika jina la Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. "Mwathirika" mwekeeni yule aliyenyimwa kazi, na hapo mseme wazi kwamba kilichomwathiri ni ubaguzi wa mwajiri.