Aya ya Kumi Ambayo Hatuibandiki Ukutani

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba amepoteza kazi, na kwamba kila anayempa pole humtumia aya ileile, Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani na tumaini, hadi ameanza kuichukia. Ameniuliza mimi niliwezaje. Namjibu hapa, kwa maana najua hayuko peke yake.

Kampuni niliyoitumikia tangu usichana wangu ilipoukatiza mkataba wangu, nami nilitumiwa aya hiyo na watu wa jumuiya yangu, wengi wao kwa simu tu, kisha hata simu zenyewe zikakoma. Siwezi kusema kwamba jambo hilo limeacha kuniuma. Lililonisaidia ni kuisoma sura nzima, kwa sababu aya ya kumi, inayotangulia ile tunayoipenda, inataja miaka 70 kabla ya ahadi hiyo kutimia. Yeremia alikuwa akiwaandikia Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 KK. Huko Yerusalemu, nabii Hanania alikuwa ametangaza kwamba wangerudi ndani ya miaka miwili, na bila shaka aliwafurahisha wengi. Yeremia akawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na kuuombea amani mji waliohamishiwa. Mtu mzima aliyesomewa barua ile alielewa kwamba huenda angezikwa ugenini. Hiyo ndiyo faraja yenyewe, dada yangu, nayo haikufichwa urefu wake.

Hadithi iliyonishika zaidi, hata hivyo, imo katika sura ya 32. Majeshi ya Nebukadreza, mfalme wa Babeli, yameuzingira Yerusalemu, Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa amri ya mfalme Sedekia, na binamu yake Hanameli anamjia akitaka amuuzie shamba huko Anathothi. Ni nani anayenunua shamba katika nchi inayotekwa? Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anaita mashahidi, anatia muhuri, kisha anamwagiza Baruku, mwandishi wake, aziweke hati katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Nilipoisoma mara ya pili niligundua kwamba alilipa kwanza, na baada ya kumkabidhi Baruku hati ndipo akaomba, na katika maombi hayo anamwambia Mungu waziwazi kwamba ameagizwa kununua shamba ilhali mji umekwisha kutiwa mikononi mwa Wakaldayo, yaani Wababeli.

Mimi nililipa ada ya mtihani wa bodi ya uhasibu wakati kodi ya nyumba ilikuwa haijalipwa, na mume wangu alidhani nimerukwa na akili. Nilisoma usiku, watoto wakiwa wamelala, nikiwa sina ofisi wala ahadi ya ofisi. Leo nina cheti na wateja wangu mwenyewe, na baadhi ya wale waliosahau namba yangu wameikumbuka, kwa kuwa wanahitaji mtu wa kuwaandalia hesabu zao. Nisameheni kwa kulitaja hilo, lakini nimelitaja.

Kwa hiyo nawashauri: someni sura nzima, fanyeni tendo moja lenye gharama kwa ajili ya siku ambayo bado hamjaiona, wala msiyaonee haya manung'uniko. Naomi, aliyefiwa na mumewe na wanawe ugenini, aliporudi Bethlehemu aliwaambia wanawake wa mji kwamba aliondoka amejaa na Bwana amemrudisha mikono mitupu, na katika kitabu chote cha Ruthu hakuna anayemkemea kwa maneno hayo. Tunaowaharakisha wafiwa na waliofukuzwa kazi watoe ushuhuda kabla hawajalia, tunajiona watakatifu kuliko Maandiko.

Wahubiri wakilisimulia shamba la Anathothi huishia kwenye ahadi kwamba mashamba yatanunuliwa tena. Waendelee hadi sura ya 43, ambapo Yeremia anapelekwa Misri pamoja na Baruku na watu waliokataa kumsikiliza. Hatusomi popote kwamba aliwahi kulilima shamba lake.